Guloge Mlangoni kwa Mzee Karoli

Siku tulipoondoa matanga ya baba mkwe wangu, Mzee Karoli wa Rugerero, nilishikwa na kicheko kibaya. Nilifunika uso kwa kitambaa, mabega yakawa yanatikisika, na shemeji zangu wakaja kunipigapiga mgongoni wakidhani nimezidiwa na majonzi. Kosa halikuwa langu. Wazee waliokaa chini ya turubai, kila mmoja na chupa yake, walikuwa wameanza kumsifu marehemu kwa unywaji. "Yule muzee alikuwa anakunywa, bwana," alisema mmoja, jirani yake wa siku nyingi. "Ndoo muzima, na njia ya kwenda kwake anaiona." Mwingine akadakia, "Na ile ulimi yake! Tone moja tu, anakuambia ndizi ilitoka mu shamba ya nani." Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Mke wangu Goretti alikuwa anapita na sinia la soda. Akanitupia lile jicho ninalolijua vizuri baada ya miaka zaidi ya ishirini ya ndoa, jicho la kuniambia nijikaze. Nikajikaza. Nilimpenda yule mzee, na kumlilia nilikuwa nimeshamlilia siku ya mazishi, kwa hiyo sioni aibu kusema kwamba siku ya matanga nilimcheka. Naye angecheka, tena zaidi yangu.

Ili mtu aelewe nilichokuwa nikicheka, inabidi turudi kwenye mwaka niliofanya kazi jikoni mwa gesti ya Madamu Sigridi, kando ya ziwa, hapa Gisenyi. Habari za ukoo wangu naziacha; zina watu wengi na kila mmoja ana toleo lake. Inatosha kusema kwamba nilikulia Tanzania, nikaja Gisenyi kijana mtupu asiye na mzazi wa kumsindikiza popote, na kwa sababu ya Kiswahili changu cha kunyooka kila mtu aliniita Mutanzania, hata wale waliojua fika kwamba jina langu ni Anastazi. Gesti yenyewe ilikuwa na vyumba vichache, vitanda vinavyolia mtu akigeuka, na chumba cha kulia chenye dirisha kubwa linalotazama maji. Wageni walikuja kwa ajili ya dirisha hilo. Juu ya kabati palikuwa na vijitu vya sufu vyenye kofia nyekundu na ndevu ndefu, ambavyo mfagiaji wetu alikataa kuvigusa akisema vinamwangalia. Jiko lilikuwa nyuma, la makaa, na mwenye jiko alikuwa Mama Shabani, Mwislamu wa mjini ambaye pilau yake iliitwa kwenye harusi za dini zote. Tulikula tumesimama, sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga na ugali na pilipili, huku yeye akitueleza makosa ya mapishi ya watu wengine. Sijawahi kula vizuri kama mwaka ule, na sasa nina meza na viti vyangu mwenyewe.

Madamu Sigridi alikuwa mjane wa Kinorwe, mrefu, mkimya, mwenye Kiswahili cha darasani alichojifunza Tanzania zamani. Ukiniondoa mimi, alikuwa mtu pekee Gisenyi nzima aliyesema "vyakula vile viwili", na wauza mboga walimfanya alirudie ili wacheke. Mwaka mzima alikuwa na akili timamu. Ila mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, alibadilika. Alisema kwao Desemba ni giza na baridi, na kwamba Krismasi haina maana kama mtu hajaonewa kidogo na hali ya hewa. Basi akawa anatengeneza baridi. Saa nane mchana, jua likiwaka juu ya ziwa, utamsikia: "Anastazi, tafadhali funga mapazia. Jua hili linaniharibia sikukuu." Nafunga. Anawasha mishumaa. Anafungua mlango wa friji na kukaa mbele yake amevaa sweta. Wageni waliolipia dirisha wanakula samaki gizani, wanaulizana kwa Kifaransa kama kuna msiba ndani ya nyumba. Mama Shabani alichungulia siku moja, akarudi jikoni akitikisa kichwa. "Mama ya watu iko anatamani shida," akasema. "Sisi tunaikimbia, ye anaifungulia friji."

Nyuma ya giza hilo kulikuwa na kinywaji. Kwao huandikwa gløgg; sisi jikoni tulishindwa na hiyo herufi ya katikati tukaita guloge, na guloge limebaki mpaka leo. Ni divai nyekundu inayopashwa moto pamoja na sukari na viungo, na viungo vyenyewe hulowekwa kwanza kwenye kitu kikali, kwa majuma, pamoja na zabibu kavu na maganda ya chungwa. Kwao wana kinywaji kikali chao. Sisi tulitumia waragi ya Uganda. Lozi hazikupatikana, tukatia karanga. Madamu alipoleta ile karatasi ya viungo, Mama Shabani alisoma, akainua macho. "Mdalasini. Iliki. Karafuu. Hii ni pilau," akasema. "Anataka pilau ya kukunywa." Kisha akaiweka karatasi chini, maana pilau hiyo ilikuwa na divai ndani yake na yeye hakuwa mtu wa kuchezea dini. Baada ya kufikiri alitoa hukumu: "Mi nitapanga viungo. Divai utatia we. Kijiko utashika we. Mungu anaona mikono ya kila mutu."

Ndivyo tulivyopika. Yeye alikaa kwenye kiti kifupi, mbali kidogo na sufuria, mikono kapakata, akinusa. "Mdalasini iko inalala. Ongeza." Naongeza. "Iliki imefika. Iache." Naiacha. Ugomvi pekee ulikuwa juu ya moto. Madamu alisimama mlangoni akituonya kwamba kinywaji kisichemke kamwe: mvuke upande, mapovu yasionekane. Mama Shabani hajawahi kuona chakula kinachoiva bila kuchemka, akaona huu ni uvivu wa Kizungu, lakini alinyamaza kwa sababu mshahara ulikuwa unatoka upande ule. Tulipomaliza nikampelekea Madamu kikombe cha kwanza. Alikunywa akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya gunia la viazi na machozi yakamtoka. "Mama yangu," akasema. "Ni mama yangu kabisa." Mama Shabani akanivuta pembeni. "Analia juu ya muzuri ao juu ya mubaya?" Nikamwambia ni juu ya mzuri. "Bon," akasema, akaenda kuchagua mchele. Alikuwa amepika kitu ambacho hajakionja na hatakionja, kikamliza mtu, na hakuona ajabu yoyote ndani yake.

Sasa Goretti. Alikuwa anakuja mlango wa jikoni na mayai na marakuja, yaani pasheni, kutoka Rugerero, na nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponiambia mayai yangu nimeyashika vibaya. Alikuwa na tabia moja: hapiti sufuria bila kuchovya. Anafunua, anachovya kidole au kijiko, anafumba macho, anatoa hukumu. "Hii nyanya ilikaa sana mu jua." "Hapa mulitia chumvi mara mbili, watu wawili." Mara zote ilikuwa kweli, na mara zote Mama Shabani alinuna. Siku alipochovya guloge alifumba macho muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema karafuu inazungumza kuliko wenzake. Mama Shabani hakumsalimia kwa juma zima, kisha akapunguza karafuu bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa nimeshapotea. Nilikuwa namnunulia mayai ambayo gesti haiyahitaji, tukala kimanda asubuhi, mchana na jioni mpaka Madamu akaniita kwa mazungumzo. Goretti naye alinipenda, alinitamkia mwenyewe nyuma ya jiko kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari, na akaongeza palepale: "Lakini Papa atakukataa. Papa anakataaka wote."

Huyo Papa ndiye Mzee Karoli. Alikuwa mpikaji wa urwagwa, pombe ya ndizi, na urwagwa wake haukuwa na mpinzani. Kizuri chajiuza, watu walitoka Mahoko na vidumu vyao kuufuata, wakapita nyumba za wapikaji wengine bila kugeuza shingo. Na kwetu huku, watu wa kijana wanapokwenda mara ya kwanza kwa akina msichana, wanakwenda na kinywaji. Tunaita kufata irembo, yaani kushika lango: mnaomba lango la nyumba ile lisifunguliwe kwa mwingine. Mzee wa nyumba akinywa kinywaji chenu, mmeshika. Asipokunywa, nendeni salama. Kijana mmoja dereva alikuja na urwagwa wa Mahoko. Mzee Karoli aliunusa, akainuka, akaumwaga kwenye shina la mgomba mbele ya wageni, akasema mgomba nao una haki ya kujua ndugu zake walivyotendwa. Mwalimu mmoja alikuja na kreti ya bia. Akaambiwa hapa hatunywi vitu vya kiwandani. Mwingine alileta divai ya mananasi, na huyo hata kiti hakupewa. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, ila kwa Mzee Karoli hata mkono uliojaa ulirudishwa kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa sina mkono wa kupika pombe, sina baba wala mjomba karibu wa kunisemea, na nilikuwa na uhakika kwamba nikimkosa Goretti nitarudi Tanzania nikafie mbali. Kijana wa umri ule hafi kwa jambo kama hilo, lakini haambiliki.

Aliyetoa wazo ni Mama Shabani, akichambua mchele. "Yule muzee anakataa juu anajua," akasema. "Urwagwa anajua, bia anajua. Mupelekee kitu hajui. Atafananisha na nini?" Tukatazamana. Madamu Sigridi alipoambiwa kwamba guloge yake itakwenda kuposa, aliwekewa kiti akae, na alipoambiwa pia kwamba yeye atakwenda kama mama yangu, alisema ni heshima kubwa, akaenda kutafuta gauni. Msemaji wetu alikuwa mume wa Mama Shabani, Mzee Idi, fundi cherehani. Kwa maneno, mji huu haukuwa na mfano wake; alisemea Wakatoliki, Waadventista, wote, na kuna harusi moja aliyosemea pande zote mbili kwa sababu msemaji wa upande wa pili alichelewa. Tukajiona tumekamilika. Sisi watu wazima, wenye akili zetu, tuliketi jikoni tukapanga kila kitu mpaka rangi ya soksi, na hakuna aliyekumbuka kwamba anayepeleka kinywaji lazima akionje yeye kwanza mbele ya mwenyeji. Ni desturi ambayo mtoto wa Rugerero anaijua kabla ya kujua kusali. Anayesema ndiye anayeonja, mwenyeji aone kwamba hakuna sumu, ndipo anywe. Na sisi tulikuwa tumemteua Mwislamu.

Kilichotushughulisha siku ile kilikuwa chombo. Madamu alitaka chupa za chai, zile za kutunza moto. Mama Shabani akakataa katakata: chupa za chai ni za kwenda kumwona mzazi au mgonjwa, posa inakwenda kwa chungu. Kikapatikana chungu cha udongo chenye shingo, guloge ikapashwa mpaka mvuke ukapanda na mapovu yasionekane, ikamiminwa, chungu kikafungwa majani ya mgomba na kuviringishwa blanketi la sufu la Madamu, la miraba. Ndani ya voiture, yaani gari la Madamu, Mama Shabani akakipakata mapajani njia nzima. "Mi nabeba chungu," alisema kila tulipoingia shimo. "Sibebi pombe. Muandike vile." Mzee Idi alikaa mbele, macho kayafumba, akipanga hotuba. Mimi nilikaa nyuma nikinusa karafuu na kuomba.

Sebule ya Mzee Karoli naikumbuka kuliko sebule yoyote niliyoingia. Viti vilivyovaa vitambaa vya kufumwa, kalenda ya parokia, dirisha moja lililomwaga jua katikati ya sakafu, na Mzee mwenyewe kwenye kiti cha mbao, koti, kofia, fimbo kati ya magoti. Wanawake wetu walikaa upande wao. Mimi sikutakiwa kusema neno. Mposaji ni wa kutazamwa tu. Chungu kikawekwa katikati, blanketi likafunguliwa, mvuke ukatoka. Mzee Karoli akaukodolea macho. "Hii kitu inawaka moto?" akauliza. Mzee Idi akaanza. Alianza mbali sana. Alianza na ng'ombe, akaja kwenye mito inayokutana, akasifu fimbo ya mwenyeji, akasifu miti ambayo fimbo hiyo ingeweza kuwa imetoka. Msemaji wa upande wao akamjibu kwa urefu uleule. Nilikuwa nikitazama mvuke. Ulikuwa unapungua. Upande wa pili Madamu naye alikuwa anautazama, na usoni mwake niliona mateso ya mtu anayeona nyumba ikiungua na kaambiwa asipige kelele. Ghafla akainuka. Akatembea hadi dirishani, akafunga mbao zake, akafunga na mlango, tukawa gizani, akarudi akakaa. "Huyu mama," akasema Mzee Karoli polepole, "anafunga nyumba yangu juu ya nini?" Mzee Idi hakukwama hata nukta moja. "Muzee, kwao hii kinywaji haipendi jua. Ni kinywaji ya haya." Bado nashangaa alilitoa wapi jibu lile.

"Basi muonje tuone," akasema Mzee Karoli. Hapo ndipo Mzee Idi aliponyamaza. Naapa niliiona akili yake ikitembea gizani ikigonga ukuta huku na huku. Akasema kwamba yeye, kwa dini yake, angeomba radhi. Mzee Karoli akasema anaheshimu dini, ila aliyesema ndiye anayeonja. Madamu akanyoosha mkono: yeye yupo tayari, amekunywa tangu utotoni. "Njo mubaya," akajibiwa, yaani hilo ndilo baya. "Tumbo yako imezoea." Mimi siruhusiwi. Mwenyeji akaweka mikono yake juu ya fimbo, akaanza kujiinua, na nikajua mgomba wa nje unakaribia kunyweshwa. Ndipo Mama Shabani aliposema kutoka kwa wanawake, bila kuombwa, kwa ile sauti yake ya jikoni. "Muzee, unisamehe. Hata aliyepika hajaonja. Njo mi niliipanga. Sijui tamu yake, sitaijuaka. Niliipika na pua."

Mzee Karoli akakaa tena. Alimtazama yule mama muda mrefu, kofia ikiwa imemteremka kidogo. "Na pua tu?" "Pua tu, Muzee. Huyu mama muzungu alilia juu yake." Madamu akaitikia kwamba ni kweli, alilia. Mzee akakitazama chungu, ambacho sasa hakikuwa na mvuke wowote, akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: kinywaji kipelekwe jikoni kipashwe moto upya, kirudishwe na blanketi lake. "Isichemke!" akapaza sauti Madamu. Chungu kikapelekwa nyuma, alikokuwa Goretti, ambaye hakutakiwa kuonekana siku hiyo. Kiliporudi kinafuka, Mzee Karoli akavuta kiti karibu, akamwita Mzee Idi avute chake, akachukua lile blanketi la miraba na kuwafunika wote wawili, vichwa, mabega, chungu na kila kitu, kama watu wenye mafua wanaojifukiza majani ya mkaratusi. Fimbo na kofia vikabaki nje. Sebule nzima ikatazama nundu la sufu.

Mimi nilikuwa karibu zaidi, na blanketi halizuii maneno. "Uniambie kweli, Idi," nilimsikia Mzee Karoli akinong'ona. "Pua inatosha?" "Ya muke wangu inatosha. Ju ya nini unauliza, Muzee?" Nundu likasogea upande wa Mzee Idi. "Mi sikunywaka tena. Munganga alinikataza, ni siku mingi. Tone moja, naanguka." "Na urwagwa yote hii watu wanasifu?" "Goretti. Ye njo ulimi yangu. Anaonja kila chungu, ananiambia, mi nasema mbele ya watu. Akitoka hapa, mi nabakia na nini? Watajua." "Kumbe wale vijana wote," akasema Mzee Idi. "Wale vijana walikuwa wazuri," akasema Mzee Karoli kwa huzuni. "Na ile bia ilikuwa ya baridi." Nikauma ulimi wangu. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu miezi mingi kama mlinzi wa lango, na kumbe alikuwa baba anayeogopa kubaki peke yake na vyungu vyake.

Kisha nikasikia akivuta pumzi ndefu. Akavuta tena. "Iko tangawizi hapa," akasema. "Haikuwamo," akajibu Mzee Idi. "Muke wangu hakutia." "Mi najua haikuwamo. Ilipoingia mu nyumba ilikuwa karafuu, mdalasini, ile ingine ya pilau, na ganda ya chungwa. Sasa iko tangawizi, ya kuponda, mubichi." Blanketi likainuka upande mmoja, uso wake ukatokeza umelowa jasho, akaita kuelekea jikoni kwa sauti iliyotikisa kalenda: "Goretti! Umetia tangawizi?" Ikaja sauti ndogo kutoka jikoni: "Kidogo tu, Papa! Ilikuwa inakosa!" Uso ukarudi ndani. Kilichotoka chini ya blanketi baada ya hapo kilikuwa kicheko, kwanza cha mmoja, kisha cha wawili, mpaka chungu kikayumba na Mama Shabani akaruka kukishika, huku akisema kwa sauti kwamba anashika chungu tu.

Walipojifunua walikuwa wamelowa, macho mekundu, na Mzee Idi alikuwa mchangamfu kidogo kuliko alivyoingia. Mkewe alimlaza barazani usiku ule, naye Mzee Idi hakumuuliza sheikh hukumu ya mvuke kwa sababu aliogopa jibu. Mzee Karoli akajifuta kwa kitambaa, akavaa kofia, akashika fimbo. "Nimepokea," akasema mbele ya wote. "Namna nilivyopokea ni yangu. Irembo mumeshika. Lakini huyu Mutanzania asimupeleke Tanzania." Akatuomba tusiondoke bila kinywaji cha kuagana, na kwa kuwa nyumba ile yenye pombe bora kuliko zote ilikuwa na wazee wawili wasiokunywa, mimi na Madamu Sigridi tulikimaliza kile chungu. Madamu alisema haijawahi kuwa nzuri hivyo, hata kwao, na kwamba tangawizi ibaki. Blanketi alimwachia mwenyeji. Urwagwa wa Mzee Karoli haukushuka hata kidogo baada ya harusi yetu. Wengine walisema ulipanda.

Madamu alirudi kwao na tunasikia alifia huko, wakati wa giza lake. Mzee Idi naye ametangulia. Baada ya matanga, shemeji zangu waligawana mbuzi na vyungu na shamba la migomba bila kugombana sana, na Goretti alipoulizwa anataka nini, aliomba blanketi. Halinuki karafuu tena. Amelianika uani, na nimemwona mara mbili akipita na kuligusa, akijidai anaangalia kama limekauka.

Analianika kwa sababu. Mwezi uliopita daktari aliniweka kwenye kiti akaniambia kwamba sukari yangu imepanda, na pombe niiage yote, tone lisipite. Nilirudi nyumbani nikacheka peke yangu, kisha sikucheka. Juma lililofuata binti yetu mkubwa, ambaye bila yeye sijui simu inafunguliwa wapi wala miwani yangu naiweka wapi, alituambia kwamba kuna watu wanataka kuja kufata irembo. Ni kijana mzuri. Nimemchunguza na sikupata kitu, na nimekasirika kwa sababu sikupata kitu. Nilikaa uani karibu na lile blanketi, nikamwelewa yule mzee kila neno alilonong'ona. Jana kijana alituma kuuliza kwa heshima zote, Papa angependa waje na kinywaji gani. Nimemjibu chochote anachopenda, ila kije cha moto, na msemaji wake awe mtu anayejua kunyamaza chini ya blanketi.